Kwenye Njia ya Chumvi, Kutoka Kitahana hadi Uvinza

Mapema Novemba 1871, usiku wa manane, msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka kwa kunyata katika kijiji kimoja cha Uha, nchi ya Waha. Wapagazi walitolewa kwa vikundi vidogo vidogo ili wenyeji wasishtuke. Kisa kilikuwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Siku chache nyuma mtware (chifu mdogo) mmoja aliyeitwa Mionvu alikuwa amedai vitambaa mia, na baada ya mabishano marefu wakaafikiana doti 75. Stanley alipodhani ameshamaliza, akatokea ndugu wa mfalme naye akataka chake. Kisha akaambiwa kuwa huko mbele bado wapo wakubwa wengine watano, kila mmoja anamsubiri. Akaamua kukimbia. Akamlipa mwongozaji, wakaiacha njia kuu, wakakata porini. Katikati ya safari hiyo ya gizani mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na hofu, akaanza kupiga mayowe, na mumewe akamfunga kitambaa mdomoni. Haukupita muda mrefu wakawa Ujiji mbele ya Dakta Livingstone, na salamu aliyoitoa Stanley siku ile inajulikana hata na wasiojua Ujiji iko wapi.

Hiyo ndiyo safari mashuhuri kuliko zote zilizopita katika nchi ya Waha, na aliyeifanya aliiona nchi yenyewe pembeni tu, tena usiku, tena amewaziba watu midomo. Milima ya Kasulu na Kibondo hakuipanda. Misafara ya pwani kwa jumla ilipita kusini, kwenye vivuko vya Malagarasi huko Uvinza, ikaacha Uha wa juu ujiendee na mambo yake. Kwa hiyo mtu akitaka historia ya nyanda hizi vitabuni, hukuta kurasa nyingi za Ujiji na mistari michache ya kulalamikia ushuru.

Mimi nilitaka kupita njia nyingine, ya zamani kuliko ya Stanley, na kuipita mchana, mdomo wazi. Ni njia ya chumvi. Waha wa juu walikuwa na ng'ombe, mbuzi, nafaka na asali, lakini chumvi nzuri ilikuwa chini, kwenye chemchemi za mto Rusugi huko Uvinza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba pale wakakuta tabaka juu ya tabaka la vigae na majivu, ushahidi kuwa watu wamekuwa wakichemsha chumvi mahali hapo kwa zaidi ya miaka 1,400. Watu wote hao walikula wapi njiani, na walikula nini? Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Nilifikia Kitahana, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, kwa mama mmoja mtu mzima ambaye ni ndugu wa rafiki yangu. Nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba nyuma, muhogo ulioanikwa mbele, na kuku wanaoulinda muhogo huo kwa kuudonoa. Mama hakuwa na tatizo na habari ya kuzurura. Tatizo lake lilikuwa kula.

"Sasa mwanangu, utakula na nani huko?"

"Peke yangu, mama."

"Peke yako! Kama mtu aliyekosana na ndugu zake."

Nikamweleza kwamba napenda siku za namna hiyo: kutoka asubuhi bila mwenzi wa kumsubiri, kukaa sokoni hadi nichoke, kula ninapoona moshi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko, ili nisije nikaaibika kwa kuonekana natafuta chakula.

Hofu yake naielewa, lakini uzoefu unanionyesha kinyume. Anayesafiri na kundi hula na kundi. Meza nzima ni yao, na muuzaji akishawahesabu sahani hana neno tena nao. Anayekuja mmoja huketishwa penye nafasi, kati ya dereva wa lori na mama aliyekuja hospitali kumwona mgonjwa. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Umetoka wapi, umefuata nini, una watoto wangapi, mbona unaandika? Ukishayajibu, nawe una haki ya kuuliza. Kwenye benchi la mama ntilie sijawahi kula peke yangu.

Kibondo penyewe ni mji wa soko na ofisi, wenye upepo wa baridi asubuhi ambao mtu wa pwani anapaswa kuujia na koti. Zamani eneo hili lilikuwa himaya ya Muhambwe, mojawapo ya himaya kadhaa za Waha pamoja na Buyungu, Heru, Luguru, Bushingo na Bujiji, kila moja na mwami, yaani mfalme, wake. Chini ya mwami walikuwapo watware, wale wale waliomsumbua Stanley, na pembeni walikuwapo wateko, wenyeji wa tangu kale walioshika mambo ya ardhi na mvua. Mamwami walitoka katika koo za Kitutsi, wateko walikuwa Waha wa asili, na mwenye akili alijua ni kwa nani aende akitaka shamba na kwa nani aende akishtakiwa. Himaya hazipo tena. Majina yake yamehamia kwenye karatasi za kura: mbunge wa Kibondo ni wa jimbo la Muhambwe, na mbunge wa Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ni wa jimbo la Buyungu. Sijui kama kuna mahali pengine Tanzania ambapo falme za kale zimehifadhiwa vizuri hivyo na Tume ya Uchaguzi.

Sokoni nilianza na chai ya tangawizi na chapati, kisha nikajisahihishia kifungua kinywa kwa sahani ya ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage. Nilikaa nikatazama bidhaa. Udaga mweupe, ule muhogo uliovundikwa ukakaushwa, katika magunia yaliyo wazi. Maharage ya njano, mekundu na ya madoa, yakipimwa kwa sado. Asali ndani ya chupa zilizokuwa za soda. Mawese ya rangi ya udongo mwekundu katika madumu. Dagaa kwa mafungu. Na chumvi, pembeni, kana kwamba haina makuu.

Nilipowauliza wauzaji kila kitu kimetoka wapi, walinionyesha kwa mikono, na mikono ikaelekea pande zote za dunia yao. Muhogo na maharage, hapa hapa. Asali, porini upande wa mashariki, kuelekea Moyowosi. Ndizi nyingine, Mabamba, mpakani na Burundi, kwenye yale masoko ambayo watu wa mkoa huu huyaita ya ujirani mwema. Mawese na dagaa, chini, ziwani. "Chini" hapa ni mbali kweli: Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za nyanda hizi zinapita mita 1,500. Kila chupa ya mawese iliyoko Kibondo imepanda mlima.

Mchana nikaagiza chakula kamili: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, sombe kidogo (mtu wa Tanga angeita kisamvu), na dagaa wa kukaanga. Ni chakula cha kawaida kabisa, cha kila siku, na hapo ndipo utamu wake wa kihistoria ulipo.

Anza na ugali. Mtu yeyote Kibondo atakuambia kwamba muhogo ndio chakula cha Waha tangu mababu. Lakini muhogo ni wa Amerika ya Kusini; Wareno waliuleta pwani ya Kongo, ukatambaa mkono kwa mkono kuvuka misitu, na wasafiri wa karne ya 19 waliukuta tayari Ujiji. Huku juu, waliotawala chungu walikuwa ulezi na mtama. Muhogo ulipata nguvu baadaye, hasa pale serikali ya Kiingereza ilipowabana wakulima wa Tanganyika kulima zao la kuvumilia ukame na nzige. Bibi kizee wa leo amezaliwa muhogo ukiwa umeshashinda, basi kwake ni wa tangu na tangu. Na maharage? Nayo asili yake ni Amerika, ila yalikuja mapema zaidi na yakapokewa vizuri zaidi, kwa sababu hayakuletwa na bwana shamba.

Mawese ni ndugu wa magharibi. Mchikichi ni mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ukanda wa ziwa huko Kigoma ni kama ncha ya mashariki ya nchi yake. Ndiyo maana maharage ya mkoa huu yana ladha ambayo mtu wa Arusha au Dodoma huishangaa. Kwa kinywa chake mlaji wa Kibondo yuko karibu zaidi na Kinshasa kuliko Dar es Salaam. Tangu 2018 serikali imekuwa ikiusukuma mchikichi kama zao la kimkakati, miche ikioteshwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, ili nchi ipunguze kununua mafuta ya kula nje. Muuzaji wangu alikuwa na maoni yake: miche mipya huzaa sana, lakini mafuta ya mchikichi wa kienyeji ndiyo yenye harufu. Sikumbishia. Aliyeshika mwiko ndiye mwenye hoja.

Dagaa nao wana yao. Dagaa wa Kigoma ni wa aina mbili, na wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha mwanga, dagaa huufuata, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, mitumbwi hukaa ufukweni, na baada ya siku chache soko la Kibondo, ambalo halijawahi kuliona ziwa, hulipuka kwa malalamiko ya bei. Mama wa dagaa aliniambia kwamba yeye hahitaji kalenda ya ukutani, hesabu ya mwezi anaijua kwa mafungu yake. Hawa samaki wadogo wamesafiri kuliko wengi wetu: mwishoni mwa miaka ya 1950 walipelekwa Ziwa Kivu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapandikizwa Ziwa Kariba, ambako Wazambia na Wazimbabwe huwala kwa jina la kapenta.

Kwenye sahani ile kilichokuwa cha njia ya kale, bila wasiwasi, kilikuwa chumvi tu. Vingine vyote ni wageni waliokaribishwa wakakaa.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu nilipanda gari dogo la abiria lililobeba watu wengi kuliko lilivyokusudiwa, pamoja na kuku ambaye alikuwa ndiye mtulivu kuliko sisi sote. Barabara hii kwa miaka mingi ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Lami imekuwa ikiifuata kipande kwa kipande. Ukiangalia dirishani utaona jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliuliza: nyumba zimejipanga kando ya barabara, kijiji baada ya kijiji, wakati Waha wa zamani waliishi wametawanyika milimani, kila mji na migomba yake.

Jibu lake lina sura mbili. Ya kwanza ni malale. Katika miaka ya 1930 ugonjwa huo wa mbung'o ulienea katika mapori ya Kibondo na Kasulu, na Waingereza wakawahamisha watu kwa maelfu na kuwakusanya katika makazi maalumu, ili pori lifyekwe na mbung'o wakose pa kujificha. Vijiji vilivyoachwa vikawa mahame, na wanyama wakayarudia. Sura ya pili ni Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mkoa huu ulipokuwa miongoni mwa ya mwanzo kuhamishiwa watu vijijini kwa wingi wakati wa Ujamaa. Mzee niliyeketi naye kiti kimoja alikuwa kijana mwaka ule. Aliniambia, bila hasira wala sifa, kwamba mama yake alikataa kuondoka hadi mkungu wa mwisho wa ndizi uive. Ulipoiva waliubeba, wakaondoka.

"Na migomba?"

"Migomba haina miguu," akasema, akacheka, akashuka Makere.

Katikati ya sura hizo mbili kuna ya tatu, inayohusu miguu hasa. Kodi ya Mwingereza ilitakiwa kwa fedha, na milima hii haikuwa na zao la kuuza. Vijana wa Uha wakawa manamba. Waliishuka njia ile ile ya chumvi hadi kwenye reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914 mwishoni mwa utawala wa Wajerumani, wakapelekwa kukata mkonge Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Baada ya 1944, wenye mashamba walipounda ofisi yao ya pamoja ya kutafuta wafanyakazi, SILABU, Uha ikawa moja ya visima vyake vikubwa. Huko walipewa posho ya unga wa mahindi kila juma. Nikiona leo kijana wa Kasulu anaagiza ugali wa sembe badala ya muhogo, namfikiria babu yake aliyeuzoea kwa mkataba. Wapo waliorudi na blanketi na baiskeli, wapo waliobaki. Tembea vijiji vya mkonge vya Muheza usikie majina.

Kasulu ni mji mkubwa kuliko Kibondo na una kelele zaidi. Ndio mji ninaoupendekeza kwa mtu anayetaka siku nzima ya kula na kuzurura akiwa mmoja, kwa sababu unaweza kuumaliza kwa miguu na bado ukabakiwa na kilima cha kupanda. Asubuhi nilikula supu. Saa nne nilikuwa kwenye bodaboda, tunapanda Heru Juu.

Heru ilikuwa himaya yenye nguvu kuliko nyingi za Uha, na Heru Juu ndipo yalipokuwa makao ya mwami wake. Ukifika huoni kasri. Unaona mashamba, nyumba, shule, watoto waliosimama kumshangaa mtu aliyekuja kutazama mashamba, nyumba na shule. Lakini simama hapo utazame chini, utaelewa kwa nini mtawala alipachagua: mabonde yote yanaonekana, na moshi wa kila jiko. Mwaka 1946 kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, binti aliyesoma Tabora, wakati ambapo machifu wanawake Tanganyika walikuwa wa kuhesabika. Alitawala hadi enzi za uhuru. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta utawala wa machifu nchi nzima, na ofisi ikahamia kwa watu wa mihuri. Inanishangaza kwamba jina lake halitajwi shuleni pamoja na yale ya kina Mkwawa na Mirambo. Labda kwa sababu hakupigana vita. Alikusanya kodi, aliamua kesi, alipeleka watoto shule, na kazi hizo hazina sanamu.

Nilimwuliza babu mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi kama watu hapa bado wanamkumbuka. Alisema mama yake alikuwa akipeleka maziwa kwa mwami. Kisha akaniuliza, kwa umakini, kama nimekula. Nikatoa viazi vya Kitahana, tukagawana. Hivyo kifurushi cha mama yule kilipata kazi aliyoikusudia, ingawa si kwa njia aliyoitegemea.

Jioni mjini nilitafuta mishikaki. Ya Kasulu, kwa maoni yangu, ni bora kuliko ya miji mingi mikubwa, na sababu yake haiko mbali. Mpaka wa Burundi uko karibu, lugha ya Kiha na Kirundi zinasikilizana, na Warundi wana heshima kubwa kwa nyama ya mbuzi kwenye makaa, ndizi ya kuchoma pembeni, pilipili tone moja tu kwa sababu tone la pili ni ubishi. Watu wamekuwa wakivuka mpaka huu kwa ndoa, kwa biashara na kwa kukimbia vita. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliotoka Kivu ya Kusini. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika upya. Mambo mengi yameandikwa kuhusu kambi hizo, mengi yakiwa hesabu. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba wakati wote wa kambi, chakula kilitoka na kuingia: unga na mafuta ya msaada vikaenda vijijini, ndizi, mboga na muhogo vikaenda kambini, kwa sababu binadamu hawezi kula mgao uleule kila siku mwaka mzima. Kuna mapishi Kasulu ambayo ukiuliza asili yake utapewa nchi tatu.

Aliyechoma mishikaki alinipa benchi pamoja na walimu wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira. Walipojua nimetoka Heru Juu, ubishi ukahamia historia. Mmoja alishikilia kwamba Waha walikuwa wanyonge waliotawaliwa na wageni. Mwingine akamjibu kwamba mnyonge hamtozi Mzungu vitambaa sabini na tano. Nilinyamaza nikala. Huyo wa pili alikuwa ameshafanya kazi yangu.

Kesho yake nikashuka. Kutoka Kasulu barabara ya kusini inateremka kuelekea Uvinza, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Miombo inachukua nafasi ya migomba. Mto Malagarasi nao unakuja huku huku, lakini kwa kuzunguka sana: unaanzia milima ya mpakani, si mbali na ziwa, halafu badala ya kuteremka moja kwa moja unakimbilia kaskazini mashariki, unapita upande wa Kibondo, unageuka kusini, unapotelea katika kinamasi kikubwa cha Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, ndipo unatoka na kurudi magharibi kumwaga maji ziwani. Wabeba chumvi hawakuufuata. Walikata kwa miguu, wakati wa kiangazi.

Kiangazi kilikuwa na maana. Masika yakija chemchemi za Rusugi hufunikwa na maji ya mvua, na maji chumvi yakishachanganyika na matamu utachoma kuni bure. Kwa hiyo baada ya mvua kukatika, watu walishuka kutoka Uha na sehemu nyingine, wakajenga vibanda, wakachota maji chumvi, wakachemsha vyunguni hadi yakauke. Chemchemi zilikuwa chini ya machifu watatu wa Wavinza, na kila mpishi alitoa sehemu kwa mwenye nchi. Richard Burton, aliyepita na Speke mwaka 1858 kabla ya kufika Ujiji, aliitaja biashara hiyo. Wajerumani waliweka kiwanda, wakapaita Gottorp, na reli ilipokuja chumvi ikapata mabehewa. Lile jina la Kijerumani limekufa, kiwanda kimepita mikono kadhaa, chumvi ingalipo.

Nilifika mchana jua kali. Kwa mtu aliyetoka Kitahana, Uvinza ni nchi nyingine: mchanga, reli, mbuyu mmoja mmoja, watu wenye subira ya stesheni. Nilizunguka nikaona majivu ya zamani ardhini na kokoto za vigae, vingine vimechakaa hadi vinafanana na mawe. Sikuokota kitu. Kisha nikafuata moshi, kama kawaida yangu, hadi kwa mama ntilie aliyekuwa na migebuka ya kuchemsha na ugali.

Mgebuka ni samaki mzuri sana, mwenye nyama ya kukaza, na anahitaji vitu viwili tu: ndimu na chumvi. Ndimu ilikuwapo. Nikaonja mchuzi, nikamwita.

"Dada, hapa chumvi imepungua."

"Imeisha kaka, si imepungua. Nimemtuma mtoto dukani."

Tulimsubiri, mimi na kondakta mmoja wa basi na mwanamke aliyekuwa na magunia mawili ya chumvi anayapeleka Kasulu, ameyaegemea, hana mpango wa kufungua hata moja. Kondakta alimtania kwamba afungue kidogo tu, kijiko. Akajibu kwamba akimfungulia mmoja Uvinza, hadi afike Kasulu atakuwa na gunia tupu. Mtoto akarudi na pakiti na chenji, na kabla sijanyosha mkono kondakta alikuwa ameshaichukua.